Nta Iliyowaka Darasani

Butiama

Dada Nyamburi,

Tumsifu Yesu Kristo. Miguu yako imepungua kuvimba? Huku mihogo imekubali, Mungu ashukuriwe.

Dada, Happyness wangu ameungua shingo na mikono. Walikuwa wanatengeneza batiki darasani, nta inachemka kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa. Ikashika moto. Mwanao Abednego, mwalimu wao, akaimwagia maji kama tunavyozimaga kuni. Moto ukalipuka, ukamrukia binti. Abednego akamzima kwa shati lake mwenyewe.

Mume wangu Mwikwabe hakutaka kusikia. "Umenikaangia mtoto kama samaki furu!" Alimpiga rungu mbele ya wanafunzi mpaka mkono ukavunjika, damu ikatapakaa kwenye michoro yao. Happyness analia kitandani, "Baba, mwalimu hakukusudia." Baba yake ananoa panga na ndugu zake.

Katekista alimficha Abednego kanisani. Barua hii anakuletea Abednego mwenyewe, kwa mkono uliobaki mzima. Usimlaze kwako Kibara, ndiko watakakoanzia. Mvushe ziwa aende Ukerewe.

Nasali rozari huku nasikia panga likinolewa. Nijibu upesi, dada, nijue kama amefika.

Mdogo wako,
Flora