Mkono Walioutuliza

Jumatatu, 2 Machi 1998. Msambweni.
Wateja wawili tu. Nikimnyoa Mzee Hamisi, nimemkata sikioni. Amesema si neno, akatoka na damu yake. Mikono yatetemeka mwaka wa tatu huu. Si pepo, si ulevi, daktari kasema ni ubongo. Wateja wamehamia kwa Salimu, kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Mchuna mbuzi yule!
Binti yangu Mwanasiti ana mimba. Watoto wa mtaa huu wote nimewanyoa mimi siku ya arobaini. Mjukuu wangu anyolewe na Salimu? Bora nife.
Bakari, mwanangu aliyeko Ulaya, amenipatia matibabu huko. Naenda.

Alhamisi, 2 Aprili. Ulaya.
Baridi. Jana daktari aliuliza kupitia mkalimani, mama mmoja wa Nairobi: "Shikamoo mzee. Unakula na mkono gani?" Swali gani hili? "Marahaba. Wa kulia, mwanangu. Kwani mimi sikufunzwa adabu?" Akaandika.
Leo nimefungwa fremu ya chuma kichwani, skrubu nne. Ganzi. Nikaingizwa kwenye mashine, macho wazi. Miale tu, hakuna kisu. Niliogopa sana.
Baadaye mkalimani akanieleza. Wametibu upande mmoja wa ubongo, kwa ajili ya mkono ninaoutumia. Wa kulia. Utatulia baada ya miezi. Upande wa pili hawagusi, naweza kupoteza kusema.
Wembe naushika kwa kushoto. Tangu ujana. Sikumwambia mtu.

Jumapili, 19 Aprili. Nyumbani.
Majirani wanatafuta kovu. Hakuna. Wasema nimelaghaiwa. Mikono yote miwili yatetemeka.

Jumanne, 14 Julai.
Mwanasiti amejifungua mtoto wa kiume. Alhamdulillahi.
Nimekunywa chai kwa mkono wa kulia. Haikumwagika. Mke wangu akalia. Ndipo nikamwambia lile la Ulaya. Akacheka mpaka akakaa chini. Nilikasirika.
Alasiri nimejaribu wembe kwa kulia, kwenye papai. Limechanikachanika. Mkono umetulia lakini kazi haujui. Wa kushoto wajua kazi, na watetemeka vilevile. Naona uchungu.

Jumamosi, 22 Agosti.
Arobaini. Nilimwita Salimu mwenyewe. Nikampa wembe wangu.
Kichwa cha mtoto nilikishika mimi, kiganjani, mkono wa kulia. Hakikutikisika. Salimu ananyoa vizuri, haki yake.
Mtoto alilala usingizi wake mpaka tukamaliza.