Zamu ya Masanja

Mwangaluka, Baba.

Basi la kutoka Mwanza halijafika. Niko stendi ya Bariadi tangu saa mbili asubuhi. Nimekaa kwenye benchi la mama muuza chai, nimeinuka, nimekaa tena, na chai yake imepoa sijaigusa. Nimemwomba karatasi, akanichania mbili kutoka kwenye daftari lake. Nakuandikia kwa sababu ndani ya basi hilo yumo Masanja, na Masanja hajui kama umekufa.

Wiki ya sita hii tangu tukuzike pale Nkoma. Mwanao anadhani anakuja kukujulia hali.

Usiseme nimemfanyia ukatili. Ndiyo desturi ya ofisi yetu. Baharia akifiwa na meli iko katikati ya maji, hatumwambii mpaka ashuke, maana hana njia ya kuja, na mtu mwenye msiba kichwani huku ameshika kamba za meli anaweza kuumia. Nimewaeleza hivyo mama na wake wa watu wengi, wakanielewa. Safari hii nilijieleza mwenyewe, na bado sijajielewa. Nilimwomba mwenzangu wa ofisini ampokee uwanja wa ndege Dar es Salaam, ampandishe treni, asiseme neno. Mimi nikabaki huku kumngoja.

Kazi yangu hukuwahi kuipenda sana. Nakumbuka likizo yangu ya kwanza, ulikuwa unasuka kamba mlangoni. Nikakueleza kwamba siku hizi watu binafsi wameruhusiwa kufungua uwakala wa meli, kwamba mmoja wao ameniajiri, na kwamba napanga mabaharia gani washuke na gani wapande, kwenye bandari ambazo sitaziona kwa macho yangu. Mtu anaruka na ndege hadi Durban au Karachi, anaikuta meli gatini, anapanda. Aliyemaliza mkataba anashuka, anarudi kwao. Ndege ikichelewa, meli haimngoji mtu. Ukanisikiliza hadi mwisho, ukasema, "Kumbe unapanga zamu za kuchunga tu."

Nilicheka, lakini ulikuwa umepatia. Nyumba tano tulichanganya ng'ombe, zamu ikazunguka, na fimbo ilikuwa moja. Aliye na zamu haondoki malishoni mpaka anayefuata ameishika fimbo mkononi. Siku ile jirani alipochelewa mnadani ulisimama kwenye mvua mpaka jua likakaribia kuzama, nami ndiye niliyekuletea viazi. Nilikuuliza kwa nini usiwarudishe tu ng'ombe nyumbani. Ukasema, "Zamu yangu iliisha mchana. Sasa hii ni heshima." Maneno hayo nilimwambia bosi wangu, naye huyarudia kwa kila karani mpya kana kwamba ni yake.

Sasa nikwambie nililokuja kukwambia, kabla basi halijaingia.

Baba mdogo alipiga simu kutoka posta hapa Bariadi. "Kaka kifua kimemshika. Anamtaka Masanja." Wakati huo meli ya Masanja ilikuwa imebakiza siku nne kufika Durban. Mkataba wake ulikuwa umekwisha. Mkataba wa Hamisi, baharia wa Tanga aliye meli hiyo hiyo, ulikuwa umekwisha pia, na wa kuwapokea nilikuwa naye mmoja tu, kwa sababu wa pili viza yake ilikwama. Ilibidi mmoja ashuke na mmoja abaki. Kalamu nilikuwa nayo mimi.

Ingekuwa ni baba wa mtu mwingine anayeumwa, Baba, ningemshusha mwanawe bila kuuliza. Nimeshafanya hivyo mara nyingi. Hamisi alikuwa amemzidi Masanja kwa mwezi mmoja tu baharini, angenung'unika, angeelewa. Lakini pale ofisini walishaanza kunong'ona kwamba Wasukuma tunabebana, tangu siku Masanja alipopata kazi. Nikaogopa kuonekana nampendelea. Nikaandika jina la Hamisi, nikapeleka teleksi, nikaenda kunywa chai nikijiona mtu wa haki. Masanja nikampangia kushuka Karachi, siku kumi na nane mbele.

Na nikiri na hili: iliniuma kwamba ulimwita yeye, hukuniita mimi. Sijui lilichangia kiasi gani. Sitaki kujua.

Meli haikwenda Karachi. Wenye mzigo walibadili amri ikiwa tayari baharini, ikageuzwa Santos, Brazili. Huko viza ya wa kumpokea haikupatikana kwa wakati. Meli ilikuwa imetia nanga nje ya Santos ikingoja nafasi ulipokata roho. Habari ya kifo chako niliipata mezani kwangu, ramani iko ukutani mbele yangu, na nikajikuta napima kwa rula umbali wa Santos hadi Nkoma. Alishukia Rotterdam wiki hii.

Nyumbani hakujatulia. Wanunuzi binafsi wa pamba wanakuja na malori yao mpaka mlangoni, kila mmoja na mzani wake, wanamuulizia mwenye shamba. Mayu, mama yetu, anawajibu, "Mwenye shamba anakuja." Bado analala chini kwenye mkeka, kwa sababu tanga halianuliwi mpaka Masanja afike. Kiuno kinamuuma, hasemi. Jirani wanachunga zamu yetu bila kulalamika, lakini fimbo wamekataa kuichukua. Ilikuwa mkononi mwako, wanasema, lazima ipokelewe na mtoto wako.

Barua ya Masanja kutoka Santos ilifika baada ya mazishi, imeandikwa jina lako. Mayu akaniambia nisome. Amekununulia koti la mvua la manjano, yale ya melini, refu hadi magotini, ili usilowe tena malishoni. Nilisoma mpaka hapo, nikasema mwandiko haueleweki.

Wote wanawalaumu wenye meli. Baba mdogo anawatukana kila jioni. Na mimi nakaa pale, naitikia.

Dereva wa lori amepita sasa hivi, anasema basi liko Nyashimo, linabadilishwa tairi. Nimeinuka tena. Watu wananitazama, mwanamke mwenye viatu vya ofisi na fimbo ya ng'ombe, maana fimbo nimekuja nayo, Baba. Niliichukua alfajiri nyuma ya mlango. Nilikuwa nimepanga nimpokee Masanja kwa kilio tu, kama dada yeyote, halafu familia imsimulie habari za wenye meli, na mambo yaishe. Ingekuwa rahisi. Hamisi yuko Tanga, bosi hajali, teleksi imo kwenye faili.

Lakini nimekaa na fimbo hii magotini asubuhi nzima na siwezi.

Nakuahidi hivi. Hatafika nyumbani bila kujua. Nitamwambia hapahapa stendi kwamba umetutoka, na kwamba ni mimi niliyeondoa jina lake Durban, si mwenye meli. Mayu nitamwambia leo, kabla tanga halijaanuliwa, ili ajue anaamka kwenye mkeka akiwa na binti wa namna gani. Na nikirudi Dar es Salaam, jina la ndugu yangu nitaliandika kama la mtu mwingine, wala si chini yake.

Lala salama, Baba. Wabeja kwa kunisikiliza hadi mwisho, kama siku ile ya kamba.

Vumbi linaonekana kule barabarani. Atashuka na koti lako mkononi. Nitampa fimbo kwanza, aishike vizuri, ndipo nimwambie. Akitaka kunichapa nayo, zamu ni yake.

Mwanao,
Nkwimba