Ukurasa Usio na Doa

6 Desemba

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo, na kifua cha mama yako kimetulia. Nimekujulia hali kwa sababu barua haianzi bila salamu, lakini ujue nimeandika mistari hii nimeuma meno. Simu zako sipokei na sitapokea. Kwa mdomo nitakutukana, kwa kalamu angalau naweza kufuta.

Nataka unieleze. Tumekaa chini ya lile hema la mahafali tangu saa tatu asubuhi, mama yako kashika shada la maua mapajani kama kapakata mtoto. Nilikuona kwa macho yangu, mstari wa sita, joho jeusi, kofia imekaa upande, unageukageuka kututazama. Nikakupungia mkono. Hukunipungia. Nikasema ni wasiwasi wa furaha tu.

Kile kijitabu cha majina nilikipitia mara tatu, lako halimo. Unajua nilidhani nini? Nilidhani karatasi imechomoka! Nikamwambia bwana aliyeketi karibu nami, tazama kazi mbovu, kijitabu kizima kimebanwa pini moja, kurasa zitaacha kutoka? Nikaenda kuomba kingine. Nikaomba cha tatu. Mimi, niliyejalidi vitabu miaka thelathini na moja, nimesimama mbele za watu nawapa somo la pini, kumbe wewe huko mbele unajua.

Wakaitwa wenzako wote, wakasimama, ukabaki umeketi peke yako mstari mzima. Nimewapigia makofi watoto wa watu mpaka viganja vikawaka moto. Wangu akatokomea kwa mlango wa nyuma hata kwaheri hakuna.

Mtaa mzima unakuita Profesa. Jana muuza magazeti kaniuliza, "Bwana Gundi, picha za Profesa ziko wapi?" Nikamwambia bado hazijasafishwa. Uongo nimeanza kuusema uzeeni. Kama umefeli, sema umefeli. Kama ulikuwa unazurura miaka yote minne, sema. Ila usinifanye mjinga.

Baba yako

11 Desemba

Baba,

Shikamoo. Mwambie mama namsalimu na namwomba radhi kwa yale maua. Mimi ni mzima wa mwili, mengine usiulize.

Sijafeli. Matokeo yangu yamebandikwa ubaoni, anayetaka aende akayasome. Kilichokosekana ni sahihi ya msimamizi wangu kwenye tasnifu. Bila sahihi ile tasnifu haipokelewi, na bila tasnifu jina haliingii. Nimeambiwa zikiwa zimebaki siku tisa, na msimamizi ameshasafiri nje ya nchi, harudi mpaka Machi. Nilimpigia karani wa chuo magoti, baba. Magoti kabisa, sakafuni. Akasema, "Wewe kodi joho uje, huenda jina likaongezwa kwa mkono." Ndiyo maana nilikuja. Nilipokuwa nageuka nyuma sikuwa na furaha yoyote, nilikuwa namwomba Mungu.

Na usiseme sikutaka kuwaambia. Nilikuja nyumbani kwa ajili hiyo. Nikakuta umeshabandika tangazo mlangoni mwa karakana, wiki nzima kabla ya siku yenyewe: TUMEFUNGA, BINTI ANAHITIMU. Suti imetundikwa dirishani. Ukanisimamisha ukumbini ukanipima kwa macho, ukasema joho litanikaa vizuri. Hukuniuliza nina nini. Hujawahi kuniuliza kitu, baba. Wewe ukishaamua unapaka gundi, basi.

Eti nilikuwa nazurura! Nimelalia vitabu mpaka shingo ikapinda. Hilo neno limeniuma kuliko kubaki peke yangu kwenye mstari ule.

Mwanao

15 Desemba

Mwanangu,

Hujambo? Mama yako anasema kula vizuri. Hasira zangu zimehama, tulia.

Kumbe ni huyo msimamizi! Mbona hukusema mapema? Kazi yake ni kuweka mkono kwenye karatasi, hataki, anapanda ndege? Jumatatu naenda chuoni. Nitakaa mbele ya meza ya huyo karani mpaka kieleweke.

Tasnifu ile niliijalidi kwa mikono yangu. Nakala nne, kitambaa cheusi, herufi za dhahabu, uzi uliotiwa nta. Hata wewe nilikukataza usizifungue usije ukatia alama za vidole. Nikazifunga kwa karatasi ya kaki, ukazipeleka vilevile. Kazi safi namna ile irudishwe kwa uvivu wa mtu? Watanitambua.

Baba yako, Gundi

16 Desemba

Baba,

Shikamoo. Naandika haraka, barua hii anakuletea dereva wa basi. Usiende chuoni. Msimamizi akirudi nitashughulika naye mwenyewe. Nakuomba, usiende.

Mwanao

9 Januari

Baba,

Shikamoo, kama unaipokea. Wiki tatu hakuna barua. Mama ananiambia huli, na karakana haijafunguliwa.

Karani amenisimulia. Anasema ulipiga ngumi mezani, ukamwita yeye mvivu na msimamizi wangu tapeli, watu wakajaa mlangoni. Akafungua nakala moja, ukurasa wa pili, akakusogezea. Ukavaa miwani. Ukautazama ule ukurasa muda mrefu, ukaondoka bila hata kuchukua kofia yako.

Sasa unajua, kwa hiyo niache niseme na mimi. Msimamizi alisaini. Alisaini nakala zote nne mbele yangu, kwa kalamu inayovuja, akazipanga moja juu ya nyingine wino ukiwa bado mbichi. Zikachafuka, ndiyo. Nilikuletea hivyo hivyo. Wewe ukaona madoa. Ukachukua flashi yangu ukachapa kurasa nne mpya, nyeupe, zisizo na sahihi, ukazishonea ndani. Niliposhika karatasi ile kwa karani nilijua papo hapo, maana ni ile nzito yako, si ya chuo.

Nimekukasirikia, baba. Ulikuwa na kinywa! "Binti, hii naibadilisha, sawa?" Maneno manne tu. Ningekwambia acha, doa hilo ndilo shahada yangu. Badala yake ukaniambia nisifungue nisije nikachafua. Kisha ukaniita mzururaji, nami nikanyamaza, kwa sababu niliona bora unichukie mimi kuliko ujichukie wewe. Nimechoka kunyamaza. Mwaka wangu mmoja umekwenda na maji kwa sababu ya usafi wako.

Mwanao

24 Januari

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nakula. Mama yako kasimama nyuma yangu anasoma kila neno, anakusalimu.

Nianze na hasira, maana bado ninazo. Ulijua tangu Novemba. Ukaniacha nikamtukane mtu asiye na kosa mbele za watu. "Usiende" ndiyo maelezo hayo? Nani alikwambia mimi ni yai? Kisu cha karatasi kimenikata kidole nikaendelea na kazi, sembuse neno la mwanangu. Usirudie tena kunificha jambo ili nisiumie. Kuumia kwangu niachie mwenyewe.

Hasira nyingine zote ni za kujikasirikia mimi. Maisha yangu yote nimejalidi rejista za zahanati, madaftari ya shule, vitabu vya nyimbo. Hakuna mteja aliyewahi kunishukuru kwa doa. Niliona kurasa nne zimetapakaa wino nikasema, huyu mtoto kamwaga wino, anaona haya kuniambia, ngoja nimsitiri. Sikuona sahihi. Niliona uchafu tu. Na sikukuuliza. Hilo ulilolisema ni kweli, si la juzi tu, ni la miaka yote, nami nimelisoma mara nyingi nikitafuta mahali pa kubisha.

Nimerudi kwa karani. Nikamwomba radhi kwa sauti ileile niliyomtukania, mlango wazi. Akanipa nakala zote na kofia yangu.

Unajua situpi vipande. Nimepekua masanduku matatu siku mbili. Kurasa zote nne nimezipata, moja nilishaibandika kwenye jalada la daftari la mtu, nikaibandua kwa mvuke wa birika. Kisha nikachana majalada yangu mwenyewe, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, nikafumua uzi, nikazirudisha na madoa yake. Karani kazitazama. Kasema sahihi inasomeka na muhuri upo, uzipeleke kabla mwezi haujaisha, jina lako litaingia kwenye orodha ijayo.

Nakutumia pamoja na barua hii, na sikuzifunga kwa karatasi safari hii. Zifungue zote, ukurasa kwa ukurasa, utie vidole unavyotaka. Ukiona kosa nipigie, nitapokea. Muuza magazeti nimemwambia ukweli, Profesa hajahitimu na kosa ni langu. Tangazo la mlangoni nimelitoa. Mahafali yajayo utaliandika wewe, kwa mwandiko wako, siku utakayonambia nibandike.

Sahihi yangu hii hapa chini. Wino umevuja kidogo. Nimeuacha.

Baba yako