Mkanda Umepona, Ubavu Unauma

Mirongo, Mwanza

Kaka Feli,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu Mama alitulea hivyo, si kwa sababu moyo wangu umetulia. Mama hajambo? Kifua chake kimepata nafuu? Na migomba imeinuka baada ya ule upepo?

Mkanda wa jeshi ulionishika umeshapona. Malengelenge yalikauka zamani, yamebaki makovu tu ubavuni. Lakini maumivu hayajaondoka. Kiwandani wenzangu wanasukuma marobota ya pamba nami nimesimama kama mgeni, maana shati likinigusa tu naungua. Msimamizi ananiita kupe mbele ya watu. Huyo nimemzoea. Wewe ndiye umenimaliza.

Barua ya Mama nimeipata. Anasema ulikwenda kwa mganga, ukarudi ukamwambia mke wangu Leokadia mbele ya balozi wa nyumba kumi: "Kidonda kimepona na mtu bado analia? Maumivu hayo yametumwa, na aliyeyatuma ni wewe." Ukamrudisha kwao na mtoto mgongoni. Mimi mwenye mke sikuulizwa.

Sasa sikia alichonieleza daktari. Neva hupeleka habari kwa chumvichumvi za mwilini zinazoingia na kutoka kwenye utando wake. Habari ikifika mwisho, neva humwaga kemikali, nayo huamsha neva inayofuata, hivyo hivyo mpaka kichwani. Neva zangu zimeharibika. Zinapiga kelele zenyewe, hata kama hakuna kidonda. Hakuna mtu aliyezituma.

Nikamuuliza ugonjwa wenyewe ulitoka wapi. Akasema, "Wewe si uliugua tetekuwanga utotoni?" Kumbe wadudu wale hawakuondoka. Walilala ndani ya neva miaka yote hii, sasa wameamka. Na tetekuwanga ile, kaka, nani aliileta nyumbani kutoka shule, tukalala kitanda kimoja? Kama kuna mtu aliyenitupia kitu, mganga wako alikosea jina.

Beba pombe ya ndizi, nenda kwa wakwe zangu, piga magoti, mrudishe Leokadia. Mwite na balozi asikie, maana alisikia ulipomtukana.

Msalimie Mama, na shangazi anayemtunza. Baba mkwe nitamsalimia mwenyewe kama atakubali mkono wangu.

Nikipata likizo nakuja kwa meli. Usije gatini kunikumbatia. Ubavu wa kushoto hauvumilii hata shati. Wa kulia ni mzima, ila hautaki kuguswa na wewe.

Ni mimi mdogo wako,
Deo