Mlimani Hatusemi Tumechoka

Jinan, 30 Machi 1997

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, ila usingizi haunitoshi.

Najua ulimwomba Bibi wa Mlimani, mungu wa kike wa mlima Taishan, mjukuu, ukachukua mwanasesere wa udongo hekaluni kwake, ndipo Mama akanipata. Ila nina mitihani. Asubuhi Kichina, jioni Kiingereza, na kote mwalimu akiniuliza nabaki kimya. Si tupande mlima kwa gari la waya, lile linaloning'inia hewani?

Mjukuu wako,
Ruolan

Tai'an, 5 Aprili

Ruolan wangu,

Marahaba. Magoti yapo, yanalalamika kama shangazi yako.

Nilimwahidi kwamba ukikua utapanda kwa miguu kushukuru. Mtu akupe mtoto, halafu umrudie umekaa kama gunia la viazi? Kumbuka tu, tangu lango la chini mpaka hekaluni hakuna kusema "nimechoka". Ukisema, shukrani imemwagika, unaanza upya chini.

Njoo sikukuu yake mwezi huu. Mwakani sijiamini.

Bibi yako

Jinan, 2 Mei

Bibi,

Shikamoo. Hujambo kweli? Mbona kimya?

Mitihani iliisha kabla ya sikukuu. Sikuja kwa sababu niliona haya kupiga magoti mbele ya watu, wanafunzi wenzangu wakiwemo, maana nao hupanda huko. Shangazi anasema ulipanda peke yako, umebeba koti langu la shule nililoliacha kwako, badala yangu. Ulifika?

Ruolan wako

Tai'an, 9 Mei

Mjukuu wangu,

Mimi sijambo, nalala tu.

Nilifika katikati. Muuza matango akaniita, "Bibi, kaa kidogo, umechoka." Nikamwambia mchokozi yeye. Akacheka, akanimenyea tango, akauliza tena kwa upole. Nikajibu ndiyo. Upole ndio ulioniponza.

Basi nikashuka. Koti lako limetundikwa mlangoni. Kupanda tena siwezi. Nitakufa na deni la watu.

Bibi

Tai'an, 18 Mei

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Usilitafute koti. Nililichukua leo alfajiri nilipofika, umelala, sikutaka kukuamsha.

Yule muuza matango yupo. Akaniuliza, "Binti, umechoka?" Nikamtazama tu. Akamwambia mwenzake, "Huyu bubu nini?" Nikapanda mpaka juu, nikasukumwa na watalii, na wasichana wa darasa langu walikuwepo, wakaniona nimepiga magoti. Wakaniita. Sikuitika. Kukaa kimya ndicho kitu pekee ninachokiweza, Bibi, na kumbe kuna mahali kinafaa.

Nimemwambia Bibi wa Mlimani asante, kwa jina lako kwanza.

Sasa nipo posta, nje ya lango la chini. Kwako ni karibu, lakini siwezi kunyanyuka, acha barua itangulie. Huku chini inaruhusiwa, kwa hiyo nalisema neno lile, la kwangu na la kwako: nimechoka, Bibi. Tumechoka.

Mjukuu wako,
Ruolan