Kiti cha Baba Siku ya Kombe

Mpendwa dada Kabula,

Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua ya kirafiki huanza kwa salamu, ifuate hali ya nyumbani, ndipo lije jambo lenyewe. Basi nakusalimu: mwadila, dada. Hapa Nkololo wote ni wazima. Mama yetu, mayu, anakohoa kidogo asubuhi, lakini anasema ni vumbi la pamba. Ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama jike mwenye baka jeupe kwenye paji. Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, na ninakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Ujumbe wako ulifika Jumamosi kwenye simu ya mayu, na kama kawaida mimi ndiye niliyemsomea. Safari hii nilimsomea nusu. Nilimwambia kwamba unasalimia na kwamba kikundi chenu kitakuja tena Bariadi kuonyesha mieleka baada ya msimu wa pamba. Nusu nyingine nilibaki nayo mwenyewe: "Nimemwambia kiongozi anitoe kwenye orodha. Ataenda mwingine. Huko sina mtu wa kunitazama."

Unaye, dada. Ulikuwa naye hata mwaka jana. Mimi ndiye niliyekuficha, na leo naacha kuficha.

Barua hii sijaifunga kwa gundi. Mama wa dukani anayekuletea huko Mwanza akitaka kuisoma njiani, aisome. Wenzako wa ulingoni nao wakitaka, wapokezane. Jambo nitakalolieleza lilifanyika mbele ya mji mzima. Ni wewe tu ambaye hukuliona, kwa sababu wakati huo ulikuwa umelaliwa na mpinzani wako, Tetemeko.

Unakikumbuka chumba cha pamba? Kila mwaka, kabla pamba haijapelekwa kwenye ghala la chama, baba aliijaza katika kile chumba cha nyuma mpaka ikafika dirishani. Wewe ulifunga mlango, ukanishika kiunoni, ukanirusha. Nilikuwa mdogo, niliogopa kuanguka, nawe ulinifundisha: "Ukiona unakwenda chini, toa pumzi. Mwenye pumzi ndani ndiye anayeumia." Kila uliponiangusha, kiganja chako kilikuwa tayari kimetangulia chini ya kichwa changu. Siku baba alipotukuta alisema kwa ukali, "Nani analala kwenye pamba yangu?" Tukatoka na nywele nyeupe kama vikongwe. Alitaka kuendelea kufoka, akashindwa, akageukia ukutani, tukaona mabega yake yanacheka. Hata hivyo alituadhibu. Tulikaa mpaka jua linazama tukitoa vijani na takataka kwenye pamba, na wewe ulichambua fungu lako na la kwangu.

Na unakumbuka alivyokuwa akituhadithia habari za ngoma zake za ujana. Vikundi viwili vinacheza kwenye uwanja mmoja, saa ile ile, hakuna mwamuzi wala filimbi. Waamuzi ni watu. Wakikimbilia upande huu, upande huu umeshinda. Baba alikuwa mpigaji mzuri lakini kikundi chake hakikumweka mbele hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kwenda na ngoma yake katikati ya watu wa upande wa pili na kuwatoa kule.

"Nilikuwa mwizi wa watu," alikuwa akisema, huku akijipiga paja.

Wewe ndiye uliyemuuliza, "Sasa baba, ngoma ya kwenu uliiona lini?"

Akajibu, "Sikuiona. Niliisikia kwa nyuma."

Tulicheka sana siku ile. Naomba ulikumbuke jibu hilo.

Halafu ukaenda Mwanza kwa shangazi kujifunza kushona, na huko ukajifunza mieleka. Uliporudi kutuambia, tulikuwa tunakula. Baba alisema, "Mieleka si kazi ya binti," nawe ukalirudisha tonge lako kwenye sahani. Asubuhi alitoka na ng'ombe kabla hujafunga begi. Tangu hapo hamjasemezana. Simu anaishika kama anashika kinyonga, nawe hukutaka kuanza. Nilikaa katikati yenu kama daraja ambalo hakuna anayelivuka.

Mwaka jana matangazo yalipobandikwa mnadani, picha yako ilikuwa ya kwanza, na chini yake imeandikwa KIFARU WA MWANZA. Siku hiyo nilikuwa na baba, tumekwenda kuuza beberu. Watu walimtania.

"Mzee, huyu kifaru si yule mtoto wako?"

"Ukimkosea ugali huyu, atakurusha juu ya paa!"

Baba aliitazama picha muda mrefu. Nilidhani ataibandua. Akasema, "Wamekosea hapa. Ni kifaru wa Nkololo." Akaondoka, beberu nyuma yake, mimi nyuma ya beberu. Hilo sikukuambia. Niliona ni dogo.

Kisha ukatuma neno: "Mwambie baba aje. Nitamwekea kiti mbele kabisa, cha rangi nyekundu, nitakitandika kitenge changu asikae mwingine." Nilimwambia akiwa anakamua. Maziwa hayakusita hata kidogo ndani ya kibuyu. Alisema, "Nimesikia," basi.

Hakuna aliyejua kwamba timu ya mji ingechukua kombe. Ilishinda ugenini Jumamosi, kwa mikwaju ya penalti, na ikatangazwa kwamba kombe litaingia Bariadi Jumapili saa tisa alasiri. Saa ile ile ya mieleka yenu, na lori lao lingesimama ng'ambo tu ya barabara. Asubuhi ya Jumapili baba aliitoa ngoma yake darini, akaianika juani, akaifunga kwenye keria ya baiskeli. Mayu alimuuliza, "Unakwenda kwenye mpira na umri huo?" Akakaza fundo la kamba. Mimi nilitangulia kwa bodaboda, na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ambayo mayu alinipa nikupe.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Uwanja mliouzungushia turubai ulikuwa umejaa, nami nilipata nafasi karibu na kamba. Ndipo honi zikasikika. Mtu mmoja akapiga kelele, "Kombe limefika!" na watu wakainuka kama ng'ombe waliosikia harufu ya maji. Mtangazaji wenu akaomba kwenye kipaza sauti, "Jamani kaeni, Kifaru anaingia!" Jamaa mwenye vuvuzela akamjibu akiwa ameshafika mlangoni, "Kifaru atatungoja! Hilo kombe tumelingoja tangu sijaota ndevu!"

Tulibaki watoto, bibi wawili, muuza karanga, na mimi. Bibi mmoja alimuuliza mwenzake, "Leo imekuwaje, hii ni ngoma ya mashindano?" Mwenzake akasema, "Ndiyo. Na huku kwetu tumeshapigwa."

Ukaingia. Hukumtazama Tetemeko, hukututazama sisi. Ulikitazama kiti chekundu. Nilikuona, dada. Kitenge chako kilikuwa juu yake, kimekunjuliwa vizuri, na hapakuwa na mtu.

Nilitoka mbio kumtafuta baba. Nilimkuta ng'ambo ya barabara, katikati ya jezi na matawi ya miti, ngoma shingoni, kofia ameigeuza nyuma, anacheza. Wachezaji walikuwa juu ya lori la kubebea pamba, manyoya meupe yamewaganda mgongoni. Sijawahi kumkasirikia baba kama siku ile. Nilimvuta shati.

"Baba! Dada yuko ulingoni!"

"Najua."

"Kiti chako kitupu!"

"Najua, ng'wanawane. Nikikaa pale, hawa nani atawatoa huku?"

Nilisimama kama mjinga. Ndipo nikaelewa kwa nini aliianika ngoma.

Akapandisha mdundo, akaanza kuimba. Aliimba kwa Kisukuma, na wewe unaijua sauti yake, inavyopanda bila kukohoa. Maneno yalikuwa haya, nayageuza kadiri ninavyoweza: Kombe tumelileta, kombe halina miguu, kombe tutalikuta hapa. Lakini ng'ambo kuna binti wa Nkololo anaangusha watu, naye akimaliza amemaliza.

Kijana mmoja akalalamika, "Mzee, si utuache tushangilie!"

"Shangilieni mkitembea," baba akamwambia. "Nani amewafunga kamba?"

Watu wakacheka. Golikipa, yule mrefu aliyedaka penalti ya mwisho, aliuliza kutoka juu ya lori, "Huyo binti anaangusha watu kweli au ni maneno ya ngoma?" Baba akasema, "Njoo na kombe lako ukamuulize." Golikipa akaruka chini na kombe kwapani. Wenzake wakamfuata, na mji ukawafuata wao. Baba alitangulia akitembea kinyumenyume, anapiga, anaimba, macho hayawatoki, mpaka kwenye mlango wa turubai. Pale akakaa pembeni, akawapisha. Hakuingia. Nilimshika mkono nikimwambia twende, akautoa polepole.

"Nikiacha kupiga, walio nyuma watarudi. Nenda wewe."

Nilipoingia ulikuwa chini. Tetemeko alikuwa amekulalia mwili wote, mwamuzi amepiga mkeka mara moja, akapiga mara ya pili, bado moja tu ushindwe. Kelele za watu zikakufikia. Niliuona uso wako ukigeuka upande, nikaona unatoa pumzi, na bega lako likainuka. Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Ninachotaka ujue ni kwamba ulipomnyanyua Tetemeko na kumbwaga, bibi wawili walikuwa wamesimama juu ya benchi, na ule mdundo uliosikia nyuma ya turubai, ambao mtangazaji alisema ni wa mashabiki wa mpira, ulikuwa wa mtu mmoja.

Golikipa alikukabidhi kombe ulishike kidogo. Ukacheka, ukaliinua. Kisha macho yako yakarudi kwenye kiti.

Baadaye, ukijifuta jasho, uliniuliza, "Baba hakuja?" Nami nikasema, "Sijui, dada." Wakati huohuo akapita kijana mwenye jezi, akakupigia saluti: "Kifaru! Baba yako ni moto, tumecheza naye kule kwenye kombe!" Ulisema, "Haya." Neno moja tu. Ukapanda gari lenu bila kupita nyumbani, na ile michembe ya mayu nilibaki nayo mkononi.

Nilisema sijui kwa sababu baba alinitolea macho kutoka mlangoni, akatikisa kichwa. Tulirudi yeye akisukuma baiskeli, sisi wawili tukila michembe yako, na akanipa sababu. "Usimwambie. Mchezaji akijua watu wameletwa, atamtafuta aliyewaleta na ataacha kucheza. Mwache aamini walikuja wenyewe." Nilimwona ana hekima, nikatii. Sikujua kwamba wewe hukuwa unawatafuta watu. Ulikuwa unamtafuta mmoja.

Kitu kimoja zaidi. Tulipofika karibu na bwawa alisimama akaniuliza, "Alimbwagaje?" Nikamwonyesha pale kwenye majani, nikichafua sketi yangu ya kanisani. Akauliza, "Kabla ya hapo, alipobanwa chini, alitoa pumzi?" Nikamwambia ndiyo. "Basi hakuumia," akasema, akaendelea kusukuma baiskeli.

Mimi na wewe hatukumfundisha baba neno hilo, dada. Tulilisema kwenye chumba cha pamba, mlango umefungwa. Kumbe alikuwa akisimama nje akisikiliza kabla ya kuja kutufokea.

Sasa ninaomba msamaha kwa ile "sijui". Ningeisema kweli siku ile, pengine ungekuwa umekuja kumwona ndama. Ninasoma kwa bidii, mwakani ni mtihani, na nina matumaini madogo madogo mengi ambayo sitayaandika hapa. Kubwa ni moja: umwambie kiongozi wenu akurudishe kwenye orodha kabla haijafungwa mwisho wa mwezi.

Jana nilimwambia baba kwamba ninakuandikia na kwamba nimevunja ahadi. Alikuwa anakata ukanda wa ngozi. Hakufoka. Aliendelea kukata mpaka ukanda ukaisha, ndipo akaniuliza, "Siku hiyo, upande wa pili ni nani?"

"Hakuna, baba. Ligi imeshaisha, hakuna kombe wala mkutano. Ni mieleka peke yake."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Akaukunja ukanda, akauweka chini. Akasema, "Basi mwambie wakilete tena kile kiti. Nitakaa."

Mayu ameanza kukata viazi vya michembe. Ninakungoja barabarani, upande huu.

Ni mimi mdogo wako,
Minza