Mpigo wa Watu Wawili

Mpendwa Baba Skola,

Nimempigia simu yule mama mwalimu wa Mufindi, nikamwambia asinisubiri. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu akuzungushe. Ulikuwa ukisema habari mbaya ni mwiba, ukiuchomoa polepole unauma mara mbili. Basi nimeuchomoa. Siendi. Ile nafasi uliyonitafutia, ya kumsaidia mwalimu kufundisha watoto gofu kule kwenye mashamba ya chai, nimeiacha, na sababu ni moja tu: mpigo wangu umenikimbia. Kila mpira nikiupiga una njia yake, kama kuku waliotishwa.

Huku Pito ni kipupwe. Ule upepo unaoujua, unaopita kwenye nyasi zilizoungua na kutuletea majivu mpaka kwenye ugali. Ulezi tumevuna. Mama yako ameshasiriba kiwanja cha kupuria kwa kinyesi cha ng'ombe, kimekauka vizuri, kinangoja watu. Watu wenyewe ndio mimi na yeye.

Nakumbuka ulivyorudi kutoka Mufindi. Wenzako walirudi na redio na magodoro. Wewe ulirudi na fimbo moja ya gofu na mfuko wa mipira iliyochubuka, ile uliyookota vichakani ulipokuwa kedi ukiwabebea wachezaji mifuko yao. Mama akaishika ile fimbo, akaigeuza, akakuuliza, "Hii ya kuchungia nini?"

"Ya kuchungia mpira, mama."

"Mpira nao una kwato?"

Nilicheka mpaka nikamwaga maji, na nilikuwa mkwe mpya bado naona haya kucheka mbele yake. Kesho yake ukanichukua mpaka malishoni nyuma ya nyumba, ukasema utanifundisha. Hukuwahi kufundisha mtu. Mwalimu wa gofu, nimekuja kuambiwa, anasimama pembeni ya mwanafunzi, au nyuma yake. Lakini wewe umekua ukipura ulezi, na mtu wa kwetu anajua namna moja tu ya watu wawili kupiga kitu pamoja: uso kwa uso. Ukasimama mbele yangu, katikati yetu tukaacha nafasi ya ng'ombe kupita. Mpira wako miguuni kwako, wangu miguuni kwangu, yote miwili tuipeleke kwenye kichuguu kimoja.

"Leo hatupokezani kama kwenye ulezi," ukasema. "Tunapanda pamoja, tunashuka pamoja. We nifuate mimi."

Nikakufuata. Wewe ulipiga kwa kulia. Mimi, kwa kuwa nilikuwa naiga nilichokiona mbele yangu kama mtu kwenye kioo, nikawa napiga kwa kushoto. Mimi ninayekula kwa kulia na kulima kwa kulia! Hatukugundua, maana nilikuwa natumia mpini wa jembe, na mpini hauna uso. Siku uliyonipa fimbo yako ndipo ikanikataa, uso wake ukitazama upande usio wangu. Mwingine angesema tuanze upya. Wewe ulichukua kipande cha springi ya gari ukaenda nacho kwa fundi anayefua majembe, ukamchorea chini kwa kijiti. Fundi akakitazama kile kitu, akauliza, "Jembe hili la kulimia wapi?"

"Angani," ukamjibu.

Ndiyo fimbo yangu mpaka leo. Nzito, imepinda kidogo shingoni, na katika Ufipa nzima sidhani kama iko nyingine ya kushoto.

Watu walitucheka, unakumbuka. Mzee Kasiani, jirani yetu, alikuwa hapiti na ng'ombe wake bila kusimama. "Nyie watoto, ulezi wenyewe uko wapi? Mimi naona mnapura upepo!"

"Shikamoo, mzee," ulimwitikia. "Upepo wa mwaka huu una punje."

"Marahaba. Basi nikipita jioni nikute pombe yake."

Na vijana wa bodaboda wakipunguza mwendo kule barabarani: "Shemeji, mambo! Leo mmepata madebe mangapi?"

Tukaendelea tu. Na mpigo ukaja, Baba Skola. Sijui kuueleza. Macho yangu yalikuwa kwenye mpira, lakini kwa juu kidogo niliyaona magoti yako, nikazisikia pumzi zako zikipanda, nami nikapanda. Nilikuwa siwazi. Ulinipa maneno machache tu, yote ya nyumbani. "Usiukimbilie mpira, umekaa, hauna miguu." Na lile la kigingi: "Kichwa ni kigingi, mama. Ndama anazunguka, kigingi hakizunguki." Ikafika wakati mipira yangu inadondokea chini ya kile kichuguu, mmoja kando ya mwingine, hata ungetandika kanga moja ingetosha kuidaka yote.

Ukampelekea mwalimu video kwa simu. Akakupigia huku anacheka, nami nilikuwa nimebana sikio kwenye simu yako. "Mkeo ni wa kushoto?"

"Hapana, mwalimu. Mimi ndiye niliyekosea pa kusimama."

Akacheka tena, kisha akasema kwa sauti ya kazi: "Msimu ujao wa kiangazi aje. Akipiga mbele yangu kama alivyopiga hapa, mpira baada ya mpira, namchukua." Ulicheza na ndoo kichwani, Skola akakushika suruali. Ukasema tutahama wote, mimi nifundishe, wewe urudi kwenye ukedi. Ukaanza safari za lori la mahindi kwenda Wampembe, kule ziwani, ili tusiende mikono mitupu.

Asubuhi ile ya mwisho ulipanda juu ya magunia, ukaniinulia mkono. Nami nikainua wangu, wa upande wa mkono wako, kama kioo. Ukapiga kelele, "Hata kuaga tunaaga kigofu!" Halafu lori likageuza kona. Kule kwenye mteremko wa kushukia ziwani, breki zikakataa. Sitaandika zaidi ya hapo.

Mtoto uliyemwacha tumboni amezaliwa. Wa kiume. Mama yako amempa jina lako, na mimi mpaka leo sijaweza kulitamka. Namwita "baba" tu, kama wanavyoitwa watoto wote wa kiume. Ana masikio yako.

Mwalimu hakunisahau. Alituma salamu za pole, kisha akasema nafasi bado ipo, nije kiangazi kama mlivyopatana. Nikajiambia nitaenda, kwa sababu ndicho kitu cha mwisho ulichokipanga ukiwa hai. Nikishamnyonyesha mtoto asubuhi namwacha kwa bibi yake, nachukua fimbo, nakwenda malishoni. Mwanzoni nilisema ni uzazi, kiuno bado hakijakaza. Nikasema ni usingizi, maana mama mwenye mtoto mchanga anatembea kama mlevi. Kiuno kimekaza sasa, na mpira bado unakwenda unakotaka. Mmoja kichakani, mmoja unabingirika chini kama kiazi, mmoja, Mungu anisamehe, unakwenda sawasawa kwenye kichuguu ili kunidhihaki. Afadhali ningekuwa napiga vibaya kila siku kwa namna ile ile, ningejua cha kurekebisha.

Nikagundua mwenyewe. Hakuna mtu mbele yangu.

Nikajaribu kivuli. Asubuhi jua likiwa mgongoni kivuli kinakuwa mbele, lakini kinalala chini, hakina magoti. Nikaegemeza simu kwenye tofali nijirekodi, nikamwona mwanamke mmoja amechoka, anakata nyasi. Nikazima. Mwisho nikachukua koti lako la baridi, lile la kahawia, nikachomeka mti pale ulipokuwa ukisimama, nikalivika koti. Nikainua fimbo. Upepo ukaujaza mkono mmoja wa koti, na kwa mara ya kwanza tangu uondoke mwili wangu ukataka kupanda.

Mama yako alikuwa anatoka kisimani. Aliliona kwa mbali. Sikujua kama ana nguvu za kukimbia. Alifika, akatua ndoo, akalivua koti polepole, kifungo kwa kifungo, kama anavyomvua mtoto aliyelala. Akalikunja. Ndipo akasema:

"Mwanangu, usinisimamishie mtoto wangu shambani kama sanamu la kufukuzia ndege."

"Nisamehe, mama."

"Sijakasirika. Nilidhani ni yeye."

Tukabeba ile ndoo wote wawili, kila mmoja upande wake wa mshikio, mpaka nyumbani.

Baada ya hapo ndipo nilipompigia mwalimu. Nilimweleza yote, na la kusimama uso kwa uso. Akasema, "Pole sana, mama. Nimekuelewa. Lakini nisikudanganye. Kwenye gofu mtu anasimama peke yake. Hata mumeo angekuwepo, hapa nisingeweza kumruhusu asimame mbele yako."

Alisema kwa upole, na ni kweli, wala simlaumu. Ila tangu hapo neno lake nalitafuna, halimezeki. Kumbe hata ungekuwa hai tungefika Mufindi, ungeambiwa ukae pembeni, na mimi ningepiga kuku wangu waliotishwa mbele ya watu. Kumbe mpigo haukuwa wangu hata siku moja. Ulikuwa wako, mimi niliurudisha tu, kama ukuta wa kanisa unavyorudisha sauti ya padri. Padri akitoka, ukuta unabaki ukuta. Nilidhani nimekupoteza wewe tu. Sikujua kwamba na kile nilichodhani ni changu ulikuwa umekibeba wewe.

Leo asubuhi nikachukua mfuko wa mipira iliyobaki. Sikwenda kufanya mazoezi. Nilikwenda niipige yote ipotee, niweke fimbo juu ya kichanja, yaishe. Skola akanifuata. Anakwenda wa nne sasa, na mdomo wake ni wa bibi yake. Alikuwa na kijiti cha kupuria, kile kifupi alichochongewa achezee. Akasimama mbele yangu.

"Rudi nyuma, fimbo itakupiga."

Akarudi hatua.

"Bado. Rudi."

"Hapa?"

"Bado. Rudi mpaka ng'ombe apite."

Akarudi sana, karibu na lile shimo la mti wa koti. Nikainua fimbo, naye akainua kijiti. Mimi napiga kwa kushoto. Yeye, kwa kuwa ananiiga akiwa mbele yangu, akapiga kwa kulia.

Baba Skola, ulikuwa wewe. Goti linaloingia ndani kidogo. Kiwiko kilichobanwa ubavuni. Mguu wa nyuma unaobaki umesimama kwa kidole. Yeye hakumbuki ulivyopiga, alikuwa mdogo mno. Mpigo huo ameutoa kwangu, nami niliutoa kwako, na ulipogeuka mara ya pili ukarudi kama ulivyokuwa.

Usije ukadhani ni muujiza. Mpira wangu ulikwenda kichakani vilevile.

"Mama, nimepatia?"

"Hujapatia. Umeinua kichwa kabla ya kupiga."

"Na wewe umeinua."

Nikakaa chini, juu ya yale majivu ya nyasi. Nilikuwa na mipira ya kupoteza na nguvu za kuipoteza, na mtoto wa miaka mitatu amenionyesha kosa langu kwa kulifanya. Miezi yote hii namtafuta wa kunionyesha.

"Tena, mama."

"Nimechoka, Skola."

"Tena."

Sikumbembeleza, wala sikumkaripia. Nilisimama. Sikuweka mpira. Nikamwambia kichwa ni kigingi, akauliza cha ndama gani, nikamwambia cha ndama yeyote. Tukapiga hewa, mimi na yeye, polepole, mpaka nikasikia mdogo wake analia nyumbani. Mzee Kasiani angepita angesema tunapura upepo, na safari hii ingekuwa kweli.

Hakuna kilichobadilika. Mufindi siendi, mwalimu nimeshamwambia, na neno langu sirudi kulibadilisha, maana siwezi kuwafundisha watoto wa watu kitu ambacho mwenyewe sinacho. Mchana huu tutapura ulezi na mama yako, uso kwa uso, na najua ataangalia chini ili asinione ninavyomtazama. Jioni nitafua. Nimechoka kuliko ninavyoweza kuandika.

Lakini nilikwenda pale nikaache, nikakuta hata kuacha nimenyimwa. Nikiinua kichwa, mtoto wako anainua kichwa. Kwa hiyo kesho nitasimama tena, nimechoka hivihivi, bila mpira, bila pa kwenda, nishushe fimbo sawasawa kwa sababu kuna mtu mbele yangu anayechukua kila ninachofanya, kizuri na kibovu, hachagui.

Koti lako mama amelifunga sandukuni. Sikumwomba anirudishie.

Wewe lala. Nimekuinulia mkono, ule wa upande wako.

Mkeo,
Mama Skola